Diski kwa Njia ya Posta: Historia ya Katalogi za Programu na Mahali pa Kiswahili Ndani Yake



Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu, bila shaka nilitarajiwa kuzungumzia ngeli au njeo, mada ambazo zimenilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Naomba radhi. Leo nitazungumzia kitabu kimoja kilichochapwa kwenye karatasi duni, kisicho na mwandishi mmoja, kisichowahi kupewa namba katika maktaba yetu, lakini ambacho kilibadili namna baadhi yetu tulivyochunguza Kiswahili. Kitabu hicho ni katalogi: orodha ya diski za programu ambazo mtu aliye mbali, mwenye kalamu, bahasha na hundi ndogo, aliweza kuziagiza kwa posta. Wanafunzi waliozaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hawajawahi kuishika disketi mkononi, kwa hiyo nitalazimika kueleza mambo ambayo rika langu huyaona ya kawaida.

Kompyuta ndogo ya IBM iliingia sokoni mwezi Agosti 1981. Programu zake ziliuzwa ghali, na nyingi zilifungwa kwa hila za kuzuia kunakiliwa. Mwaka uliofuata, 1982, watu wawili ambao hawakuwa wakijuana walifikia wazo moja kutoka pande mbili. Andrew Fluegelman, mwanasheria na mhariri aliyeishi karibu na San Francisco, aliandika PC-Talk, programu ya kuziwezesha kompyuta kuwasiliana kwa simu. Badala ya kuizuia isinakiliwe, aliruhusu kila mtu ainakili na kumpa mwenziwe. Aliyeiona ina manufaa aliombwa ampelekee mwandishi dola 25. Aliyependa aliweza hata kumtumia Fluegelman diski tupu pamoja na bahasha yenye stempu, naye akaijaza na kuirudisha. Huko upande wa Seattle, Jim Knopf, mtumishi wa IBM, alikuwa na programu ya kutunza orodha za majina na anwani, aliyoianza kwa ajili ya kuchapa lebo za barua za kanisa la mtaani kwake. Nakala ziliposambaa kupita uwezo wake wa kuwahudumia watumiaji, aliweka ndani ya programu ujumbe wa kuomba mchango. Mtumiaji mmoja alimfahamisha kwamba kuna mwingine huko California anayefanya vivyo hivyo. Wawili hao wakawasiliana, wakakubaliana kutangazana. Programu ya Knopf ikaitwa PC-File ili ifanane na ya mwenziwe, na bei ikawa moja. Jina Knopf kwa Kijerumani lina maana ya kifungo, na kwa sababu hiyo alijulikana katika biashara yake kama Jim Button. Ni kichekesho cha mwanaisimu tu, lakini sikuweza kukipita.

Wa tatu alikuwa Bob Wallace, mmoja wa watumishi wa mwanzo kabisa wa Microsoft, aliyeacha kazi huko mwaka 1983 akaanzisha kampuni yake na kutoa PC-Write, programu ya kuandikia. Yeye aliongeza jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angelielewa mara moja. Kila aliyelipa ada ya kujiandikisha alipewa nakala yenye namba yake mwenyewe. Mtu mwingine akijiandikisha kutokana na nakala hiyo, yule wa kwanza alipata kamisheni ya dola 25. Mnakili akawa dalali.

Hapa ndipo tatizo la istilahi linapozaliwa, nami naomba nilikalie kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Fluegelman aliiita programu yake friwea, yaani programu ya bure, na akalisajili neno hilo kama alama yake ya biashara, kwa hiyo wengine hawakuweza kulitumia. Wallace alitumia neno sheawea. Mwaka 1984 Nelson Ford, aliyekuwa Houston na aliyeandika safu katika jarida la Softalk, aliwataka wasomaji wapendekeze jina la jumla, na sheawea ndilo lililoshinda. Tangu hapo limebaki.

Tulitazame neno hili kwa macho ya Kiswahili. Kitenzi cha Kiingereza kilichomo ndani yake kina maana zaidi ya moja, na hayo ni mafungu ambayo sisi tumeyapa vitenzi mbalimbali. Kuna kugawana, ambako kitu kimoja hukatwa kikawa vipande na kila mtu akachukua chake. Kuna kushirikiana, ambako watu hutumia kitu kimoja bila kukikata. Kuna kuchangia, ambako kila mmoja hutoa chake ili mzigo wa mtu mmoja upungue. Watumiaji wa Marekani, waliposoma jina lile, walielewa maana mbili za kwanza: nimepewa, nami nimpe mwingine. Waandishi wa programu walikusudia ile ya tatu. Jim Knopf hakuwa akiuza. Alikuwa akiomba mchango, kwa maana ileile ambayo familia huomba mchango wa harusi, ambapo kadi haikulazimishi kutoa, lakini usipotoa wewe mwenyewe unajijua. Naamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi uliofuata baina ya waandishi na wasomaji wa katalogi ulitokana na utata wa neno moja. Lau wangekuwa na vitenzi vitatu, wangegombana kwa uwazi zaidi.

Sasa tuje kwenye katalogi zenyewe. Mtu asiye na modemu, au anayeishi mahali ambapo simu ya mbali ni ghali, angezipataje programu hizi? Zilizuka maktaba za diski. Iliyojulikana zaidi ilikuwa PC-SIG ya Richard Petersen huko Sunnyvale, California, ambayo ilikusanya programu, ikazipanga katika diski, ikaipa kila diski namba, na kuziuza nakala kwa dola chache tu kila moja. Namba hizo zilipita 2000. Kwa wenye kompyuta za Amiga, Fred Fish alifanya kazi kama hiyo kuanzia mwaka 1986 hadi 1994, na mfululizo wake ulizidi diski 1000. Zilikuwapo nyingine nyingi, kubwa na ndogo, Marekani na Ulaya.

Katalogi ya namna hii ilisomwaje? Kwanza mtu hakuisoma, aliipekua. Ilipangwa kwa mafungu: uandishi, uhasibu, michezo, elimu, nasaba, dini, mawasiliano, lugha. Kila ingizo lilianza kwa namba ya diski na jina la programu, kisha mistari michache ya maelezo, kisha masharti: kumbukumbu kiasi gani, kadi ya rangi au la, toleo gani la mfumo endeshi. Majina ya mafaili hayakuweza kuzidi herufi nane, nukta, na herufi tatu, kwa hiyo waandishi walibana maneno mpaka yakawa kama simu za maandishi za zamani. Aliyezoea kusoma kamusi aliifahamu katalogi mara moja. Kuna kidahizo, kuna kategoria, kuna fasili, kuna rejeo mtambuko. Kilichokosekana ni mfano wa matumizi. Huo uliupata ukishalipa na kusubiri.

Mwishoni palikuwa na fomu yenye visanduku. Uliandika namba, ukazijumlisha, ukaongeza gharama ya posta, ukatia hundi ndani ya bahasha. Kitenzi chetu cha tendo hili ni agiza, na kinafaa kuliko kile cha Kiingereza. Kuagiza ni kutoa maagizo, na pia ni kuleta bidhaa kutoka nje; humo mna mamlaka na mna umbali. Leo vijana husema wanapakua programu. Pakua ni kushusha shehena chomboni, na pia ni kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Waliolichagua neno hilo walichagua vyema. Lakini anayepakua, chombo kimekwisha kutia nanga au chakula kimekwisha kuiva. Anayeagiza bado hana hakika kama jahazi limeng'oa nanga. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, na nakumbuka kwamba kati ya kupeleka fomu na kupokea diski nilikuwa nimeshaisoma katalogi yote mara mbili, pamoja na mafungu ya uhasibu ambayo hayakunihusu.

Diski ya inchi tano na robo ilibeba kilobaiti 360. Ukiigeuza hesabu hiyo kuwa kurasa za chapa, ni kama kitabu kimoja cha wastani, na ndani yake ilibidi iingie programu, maelezo yake na mara nyingi programu nyingine mbili tatu za jirani. Ndiyo maana ufundi wa kufinya mafaili ulikuwa na thamani kubwa, hata ukafikishwa mahakamani: mwaka 1988 kampuni iliyotoa programu ya ARC ilimshtaki Phil Katz, naye mwaka 1989 akatoa PKZIP, ambayo muundo wake wa faili tunautumia hadi leo kila tunapoambatisha tasnifu kwenye barua pepe.

Ukiweka diski kwenye kompyuta, faili la kwanza kufunguliwa lilikuwa lile la utangulizi, lililoitwa mara nyingi READ.ME. Wanafunzi wa pragmatiki mliopo, hili ni eneo ambalo linastahili utafiti. Humo mwandishi wa programu alizungumza na mtu asiyemjua, kwa nafsi ya kwanza umoja, akimshukuru kabla hajapewa kitu, akieleza saa alizozitumia usiku, akitaja anwani ya nyumbani kwake, kisha akiomba. Baadhi waliomba kwa haya mno, hata ombi likapotea ndani ya shukrani. Wengine walitisha. Ni utanzu uliokaa baina ya barua, hati ya mauzo na dua, nao ulikufa kimyakimya watu walipozoea kubonyeza kitufe cha kukubali masharti bila kuyasoma.

Hitilafu kubwa ya mfumo huu ilikuwa katika fedha. Zile dola chache zilizolipwa kwa maktaba zilikuwa ujira wa kunakili na kutuma. Mwandishi wa programu hakupata hata senti kutokana nazo. Lakini mnunuzi aliona katalogi, akaona bei, akalipa, akapokea; kila ishara ya lugha na ya biashara ilimwambia kwamba amekwisha kununua. Mwaka 1987 waandishi waliunda chama chao, Association of Shareware Professionals, na mojawapo ya madai yao ilikuwa kwamba wauzaji wa diski wawaeleze wanunuzi kinagaubaga kuwa malipo ya diski si malipo ya programu.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kuwacheka. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwandishi hodari wa hati, alinakili tenzi kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Barua zake kwa Hichens zimehifadhiwa London, na humo tunamwona mtu wa maktaba ya kuagiza kwa posta miongo mingi kabla ya diski: huku kuna orodha ya kinachotakiwa, huku kuna kazi ya mkono, huku kuna malipo. Kilicholipwa ni kunakili. Watunzi wa tenzi nyingi walikuwa wamekwisha kufa, na warithi wao hawakuulizwa. Sisemi hili kumlaumu Kijuma. Bila yeye tungekuwa maskini zaidi. Nasema tu kwamba tofauti baina ya ujira wa mnakili na haki ya mtunzi ni ya zamani kwetu, na hatujaitatua.

Je, Kiswahili kilikuwa wapi katika katalogi hizi? Katika zile nilizozipekua, fungu la lugha lilijaa mazoezi ya msamiati wa Kihispania, Kifaransa na Kijerumani. Kwa mtu aliyekuja na visanduku vya kadi za Kiswahili, manufaa yalikuwa katika zana za jumla: programu za kuandikia, za kupanga orodha, na zile ndogo za kutengeneza faharasa ya maneno katika muktadha wake. Shirika la SIL lilikuwa na Shoebox, iliyotoka mwaka 1987 na ambayo jina lake ni lile sanduku la viatu ambamo wanaisimu wa kale waliweka kadi zao. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya wataalamu kwa wataalamu. Diski za katalogi ziliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuiwaza lugha yetu, na jinsi zilivyoipokea ni somo zuri la othografia.

Bahati yetu ya kwanza ilikuwa alfabeti. Msimbo wa ASCII ulikuwa na nafasi 128, na 95 tu kati yake ni alama zinazoonekana. Mfaransa alikosa herufi zake zenye alama, Myoruba alikosa nukta na toni zake. Mswahili hakukosa kitu, kwa kuwa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia othografia isiyo na alama juu wala chini ya herufi. Othografia hiyo haikuwatendea haki Wamvita, ambao hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, na p yenye mpumuo na isiyo nao. Wala msimbo ule haukuwa na nafasi kwa hati za Kiarabu ambazo kina Kijuma walizitumia. Kwa hiyo kilichoingia katika diski kwa urahisi kilikuwa Kiswahili sanifu peke yake, na ushairi wa kale uliingia ukiwa umekwisha kuvuliwa nguo zake. Jambo hili hatukulitafakari wakati ule. Tulifurahi tu kwamba kinafanya kazi.

Halafu matatizo yakaanza. Programu ya faharasa niliyoiagiza mimi iliamini kwamba neno huishia mahali palipo na alama isiyo herufi. Apostrofi si herufi. Kwa hiyo ng'ombe wote wa matini yangu walichinjwa: upande mmoja ng, upande mwingine ombe, na orodha yangu ya kwanza ilionyesha kwamba Kiswahili kina neno ng linalotumika mara nyingi ajabu. Nilimaliza wiki nzima nikibadilisha apostrofi kuwa herufi q, ambayo Kiswahili hakiihitaji, kisha nikiirudisha baada ya kupanga. La pili lilikuwa zito zaidi. Programu ilipanga maneno kwa herufi ya mwanzo, na lugha yetu huweka sarufi yake mwanzoni. Alipenda, hawapendi, nitakapopenda na tulipendana yalitawanyika kurasa kwa kurasa. Kwa Mwingereza, mpango wa alfabeti hukusanya jamaa za neno. Kwetu hukusanya viambishi. Nilichokipata kilikuwa faharasa nzuri sana ya viambishi vya nafsi na njeo ambayo sikuwa nimeihitaji, na ni lazima nikiri kwamba tasnifu yangu ilibadilika mada kwa sababu yake. Nilikuwa nimekwenda kuchunguza maana za vitenzi; nikarudi na sura tatu juu ya viambishi. Arvi Hurskainen na wenzake wa Helsinki, walioanza uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta katikati ya miaka ya 1980, walilikabili jambo hili kama lilivyostahili, yaani kwa sarufi. Sisi wengine tulilikabili kwa herufi q.

Swali la haki la msikilizaji ni kwa nini nisiiagize diski hiyo nikiwa nyumbani. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na katazo hilo lililegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Hata aliyekuwa na mashine hakuweza kuandika hundi ya dola sita kwa hiari yake. Fedha za kigeni zilikuwa chini ya udhibiti mpaka sheria ya mwaka 1992 ilipofungua milango. Hivyo disketi zilifika kwetu mifukoni mwa wanafunzi waliorejea, zikanakiliwa ofisini kwa ofisini, na zile barua za READ.ME zilisomwa na watu ambao, hata wangetaka, hawakuwa na njia ya kuchangia. Katika mfumo uliojengwa juu ya uaminifu, sisi tuliingia tukiwa tayari ni wadeni. Sidhani kwamba waandishi wale waliwahi kujua.

Mwisho wa maktaba za posta hauhitaji maneno mengi. Sahani moja ya CD ilibeba kilichobebwa na diski mamia kadhaa. Watengenezaji wa michezo waligundua kwamba ni afadhali kutoa sehemu ya kwanza bure na kuuza zilizobaki, na Doom ilipotolewa tarehe 10 Desemba 1993 kwa njia hiyo, watu waliipata kwanza kupitia mitandao. Intaneti ilimaliza kilichosalia. Fluegelman hakuyaona hayo. Alitoweka mwezi Julai 1985 na gari lake likakutwa karibu na daraja la Golden Gate. Wallace alifariki mwaka 2002. Miaka miwili baadaye, Desemba 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza nikaandika kwa programu ambayo menyu zake zilisema nami kwa Kiswahili na ambayo hakuna aliyenidai.

Miaka michache iliyopita niliwaomba mafundi wetu wanitafutie kiendeshi cha diski za inchi tano na robo. Nilikuwa na diski 31 ndani ya kopo la biskuti. Zilizosomeka ni 19. Mafaili niliyoyaandika kwa PC-Write yalifunguka bila taabu, kwa sababu programu hiyo ilihifadhi maandishi kwa herufi za kawaida, na leo yanasomeka katika mashine yoyote. Faharasa yangu haikufunguka. Ilihifadhiwa kwa mpangilio aliouvumbua mtu mmoja kwa ajili yake mwenyewe, na hakuna programu nyingine iliyowahi kuufahamu. Nilikuwa na nakala ya karatasi, na mwanafunzi mmoja mwenye subira ameichapa upya, ng'ombe wakiwa wazima.

Mtu huyo aliomba dola 15. Niliitumia kazi yake miaka minne nikijiambia kwamba nitalipa posho ikiingia. Nilipeleka hundi mwaka 1993, pamoja na ukurasa mmoja wa kumweleza habari za apostrofi. Bahasha ilirudi baada ya wiki saba, ikiwa na muhuri wa posta unaosema kwamba mwenyewe amehama na hakuacha anwani. Imo ndani ya lile kopo, chini ya diski.